Neno Ambalo Salum Hakulisema

Kwa binti yangu Rukia, ambaye uko chumba cha ndani unafunga mizigo huku mimi nikiandika barazani, ukuta mmoja tu kati yetu. Salamu nilikupa asubuhi kwa mdomo, nawe ukaniitikia. Haya yaliyobaki mdomo umenishinda, na tangu utotoni mwako unajua kwamba mdomo ukinishinda nashika kalamu.

Sitakuandikia habari za safari. Najua utamkalisha Salum penye kivuli mtakapovuka kwenda Unguja, na najua mama yake mdogo atawapokea Ng'ambo kwa moyo mweupe. Miaka miwili umemtunza mumeo bila kuhitaji mafunzo yangu. Nakuandikia juu ya kesi yenu. Juzi uliniambia, "Baba, yale yamekwisha, tusiyaseme tena." Hayajaisha, mwanangu, na aliyefanya uamini kwamba yamekwisha ni mimi. Naomba usome mpaka chini kabla hujaniita.

Siku ile Salum alipoumia unaijua, lakini hukuwapo, kwa hiyo nitaieleza kama nilivyoisikia kwa Bwana Seif mwenyewe, siku ambazo alikuwa bado anazungumza nami. Alikuwa anajenga nyumba ya mawe hapa mtaani Dunda, kama kila mtu aliyeuza pembe vizuri miaka hii. Salum alikuwa fundi wake wa dari. Boriti zilikuwa zimeletwa kutoka Saadani, nzito, bado zina unyevu wa mkoko. Kazi hiyo ina utaratibu wake: watu wanne wanavuta kamba, mmoja yuko juu anapokea, na hakuna anayesimama chini. Adhuhuri vibarua walikwenda kuswali. Salum alikuwa amekwisha kuswali mapema, akabaki chini ya ukuta anapima. Bwana Seif alitaka dari ifunikwe kabla ya masika. Akashika kamba yeye na mtumishi wake, wakavuta boriti moja mpaka karibu na juu ya ukuta. Kamba ikamchoma viganja, akaachia.

Basi ni hivyo tu. Hapakuwa na ugomvi wala chuki. Mikono laini iliachia kamba, na boriti ikamwangukia Salum kichwani.

Bwana Seif alimbeba mwenyewe mpaka nyumbani kwangu, kanzu yake imelowa damu, analia kama mfiwa. Siku tatu Salum hakufumbua macho. Bwana Seif alikuja asubuhi na jioni. Alileta mchele, alileta kuku wa supu, alileta mtu wa kusoma dua, na mara moja nilimkuta amekaa sakafuni anamfukuzia mgonjwa nzi. Nakumbuka ulivyomwonea huruma, ukamtolea mkeka. Nami nilimwonea huruma. Hilo la kumhurumia silijutii. Ninachojutia ni kwamba kila mchele wake uliposhuka katika chungu chetu, ulimi wangu ulizidi kuwa mzito, na sikuuona uzito huo nikidhani ni adabu.

Siku ya nne Salum alifumbua macho. Siku ya sita aliketi, akanywa uji, akakutaja jina. Nyumba nzima ilifurahi. Siku ya saba Bwana Seif akaja na wazee watatu wa mtaa kutaka radhi, kama ilivyo desturi yetu: aliyemwumiza mwenzake bila kukusudia huja na watu, huomba, naye mwenye maumivu husema, "Nimekuwia radhi," na watu hunywa kahawa. Wewe ulikuwa uani na wanawake. Wazee watatu walibaki hapa barazani, kwa sababu chumba cha mgonjwa ni kidogo. Tulioingia ni wawili, Bwana Seif na mimi.

Kuanzia hapa, Rukia, kuna jambo ambalo hukuambiwa.

Bwana Seif alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika Salum mkono. Akasema, "Salum, ndugu yangu, niwie radhi."

Salum alimtazama muda mrefu. Kisha akasema, "Boriti zimefika?"

Bwana Seif akanigeukia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayezama anayetafuta pa kushika. Nami nikacheka, kicheko cha kupooza mambo, nikasema, "Ameshakusamehe, Bwana. Huoni ameanza kufikiria kazi?"

Tukatoka. Nikawaambia wazee, "Salum amesamehe." Wakahimidi, kahawa ikaja. Bwana Seif akasema moyo wake ungetulia zaidi kama lingeandikwa. Nikasema hakuna tabu. Nikakaa hapahapa nilipokaa sasa, nikaandika karatasi kama nilizoandika mamia kabla yake: kwamba Salum, akiwa na akili yake timamu na kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtu, amesamehe jeraha lile na kila litakalotokana nalo. Maneno ya akili timamu na hiari huanza kila hati. Mkono wangu huyaandika wenyewe, kama vile mwingine anavyosema bismillahi kabla ya kula. Sikuyafikiri. Niliandika kwamba akili ni timamu juu ya mtu ambaye siku nne kabla hakujua yuko duniani, na ambaye dakika chache nyuma aliombwa radhi akauliza habari za miti. Tukarudi chumbani, tukamshika Salum kidole, tukakitia wino.

Umeishi miaka miwili ukiamini kwamba mumeo alisamehe kwa kinywa chake. Nimekusikia ukimlaumu kwa hilo, usiku mmoja mlipodhani nimelala: "Kwa nini uliharakisha, Salum? Kwa nini hukuningoja?" Naye akajibu hakumbuki. Alikuwa anasema kweli. Hakuwa na la kukumbuka.

Tangu siku hiyo nimetafuta ndani yangu chanzo cha kicheko kile. Nilitoka Pate nikiwa na miaka kumi na tisa, baada ya vita kutuacha na kuta tu. Nilifika huku sina ukoo wa kunisemea. Nilikuwa na mwandiko mzuri na masikio ya kusikia nani anataka nini. Mtu wa namna hiyo hujifunza upesi kukubali. Kabla mwenye mji hajamaliza kuuliza, yeye ameshaitika. Wakubwa wawili wakigombana, anatafuta neno litakalowaruhusu wote kwenda nyumbani. Miaka thelathini watu wa Bagamoyo wamenisifu kwa hilo, wakaniita mtu wa suluhu, wakanipa nafasi katika safu ya mbele msikitini. Wewe hucheka nikikasirika, kwa sababu lafudhi ya Pate hunirudia. Ungenisikia siku ile chumbani ungeona nilisema Kibagamoyo safi kabisa. Sikuwa na hasira hata chembe, na nilipaswa kuwa nayo.

Kisha ikaja ile miezi. Sihitaji kukusimulia wewe, lakini naiandika ili ujue kwamba niliona. Niliona Salum ananiamkia, "Shikamoo, Baba," na kabla kahawa yangu haijapoa ananiamkia tena. Niliona ameshika timazi, ile kamba yenye risasi ya kupimia ukuta, anaitazama inavyoning'inia kama mtu aliyepewa barua ya lugha ngeni. Harufu ya samaki waliooza haikumfikia, lakini mlio wa jogoo ulimliza. Na yule kijana mpole uliyeolewa naye alikurushia sahani, halafu akaketi mlangoni akiuliza nani amevunja sahani.

Nakumbuka pia Bi Mtumwa, jirani yetu, alipopita uani akasema, "Rukia, mumeo leo amenisalimia mara tatu. Ananitaka nini?" Wanawake wakacheka. Ukamjibu bila kuinua uso kwenye kofia uliyokuwa unashona, "Mchukue, Bi Mtumwa. Ila umchukue pamoja na kichwa chake." Walicheka zaidi, na yeye mwenyewe alikuja jioni na bakuli la kunde akakaa nawe mpaka magharibi. Mimi nilikuwa barazani nikasikia yote, nikajua binti yangu amekuwa mtu mzima kuliko mimi.

Watu wakasema ni pepo. Aliyeanza kusema sijui, lakini Bwana Seif aliposikia alilishika neno hilo kwa mikono miwili: kiwanja kile kilikuwa na mzimu wa zamani, alisema, kila mtu anajua. Nami niliyesoma vitabu, niliyekuwa nikiwacheka wanaokimbilia ngoma, nilimpeleka Salum kwa mganga wa Mkange, tukakaa kule wiki mbili. Ulinifuata ukiamini kwamba baba yako anajaribu kila dawa. Huenda nilijaribu. Lakini nakwambia na lile jingine: pepo lilinifaa. Likiwa ni pepo, hakuna mtu wa kumdai, na hakuna aliyeandika karatasi. Unapoona watu wote wamekubaliana haraka juu ya chanzo cha maumivu ya mtu, mwanangu, tazama nani anapumua kwa nafuu. Siku zile mmoja wao alikuwa mimi.

Uliyekataa pepo ni wewe. Ulisema, "Alikuwa mzima, boriti ikamwangukia, sasa si mzima. Pepo liliingia saa ngapi?" Ukauliza mwenyewe, ukajua kwamba sheria inayo fidia ya akili kama inavyo fidia ya jicho na mkono, na kwamba haiulizi kama aliyeachia kamba alikusudia. Ulitaka kashamba ka minazi nje ya mji, mahali pasipo makelele, Salum akae bila kuudhiwa na jogoo wa watu na wewe usishone mpaka macho yakuume. Ulipokwenda kwa kadhi nilikufuata nyuma, na watu walidhani nakusindikiza.

Kadhi alifanya kazi yake sawasawa. Alisema akili ya mtu haipimwi kwa maswali ya barazani, akaagiza watu wawili waadilifu wamwangalie Salum siku kumi bila yeye kujua. Walirudi wakashuhudia kwamba alasiri moja aliswali adhuhuri mara tatu. Kwamba alichanganya chokaa kwa ajili ya ukuta usiokuwapo. Kwamba aliitwa jina lake akageuka kumtafuta anayeitwa. Kadhi akasema dhara limethibiti. Nilikuona unavuta ukaya wako usoni kuficha machozi. Ulidhani umeshinda, na kwa haki ulikuwa umeshinda.

Ndipo Bwana Seif alipotoa karatasi.

Kadhi aliisoma kimya, kisha akaniita mbele. Akauliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema ni wangu. Akauliza, "Siku uliyoandika haya, mtu huyu alikuwa na akili timamu, na alitamka kwamba amesamehe?"

Nikasema, "Niliandika kama ilivyo desturi, Sheikh."

Akasema, "Sikukuuliza desturi."

Baraza lilikuwa limejaa. Wazee watatu walikuwapo, na wao waliamini walichoambiwa na mimi. Bwana Seif alikuwa anatazama viganja vyake. Alisikia chumbani kile nilichosikia, lakini sidhani kama alijihesabu mwongo. Alisikia pia nilichomtafsiria, akachagua kukiamini. Ungekuwa wewe umeulizwa, ungejibu. Mimi nilifikiri juu ya kila hati niliyowahi kuandika mjini hapa, nyumba na mashamba na ndoa, na karatasi za watumwa walioachwa huru ambao hawana ngao nyingine ila mwandiko wangu. Nikajiambia: mkono wangu ukitiliwa shaka katika hii, nani atakuja kesho kuwapokonya wale uhuru wao? Hoja hiyo ina kweli ndani yake, na ndiyo maana ilinidanganya vizuri. Nilikuwa nalinda safu yangu ya mbele msikitini. Nikasema, "Ni kweli, Sheikh."

Kadhi akasema mwenye haki akishasamehe, akiwa na akili, haki imekwenda. Ukanyanyuka, ukamshika Salum mkono, mkatoka. Njiani uliniambia, "Usijilaumu, Baba, uliandika alichosema." Nimetembea na maneno hayo miezi mitano.

Ulipoanza kuuza vyombo ili muende Unguja ukatafute kazi ya kofia, nilijaribu kukwambia mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unamkata Salum kucha, naye amekuegemea ametulia, nikasema isiwe sasa. Mara ya pili sikuwa na sababu yoyote.

Leo asubuhi, ulipodhani nimekwenda kununua kahawa, nilikwenda kwa kadhi. Niliomba wale wazee watatu waitwe, wakaitwa. Nikaeleza mbele yao kilichosemwa chumbani, neno kwa neno, pamoja na kicheko changu. Mzee mmoja alisema, "Sisi tulihimidi juu ya uongo?" Nikasema ndiyo. Akavaa viatu vyake akaondoka.

Kadhi akaniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba ule msamaha si msamaha, kwa kuwa haukutoka kwa mwenyewe. Atamwita Bwana Seif, na kesi ataifungua upya mwezi ujao, na ushahidi wa wale wawili waliomwangalia Salum bado umesimama. La pili, kwamba tangu leo ushahidi wangu haupokelewi barazani kwake, na hati zangu za nyuma kila moja itapimwa kwa mashahidi wake. Karatasi za walioachwa huru atazitazama kwanza, yeye mwenyewe, kabla mtu mwingine hajazigusa. Nilimshukuru kwa hilo. Sikuwa na uso wa kuomba jingine.

Sikwambii kwamba mtashinda. Bwana Seif ana watu, na atasema mzee amewatetea wanawe. Huenda akala kiapo. Huenda pia akitajiwa zile boriti mbele ya watu akashindwa kukana. Nilimwona akifukuza nzi, na siamini kwamba mtu yule amekufa ndani yake. Kadhi anakutambua wewe kuwa msimamizi wa mambo ya Salum. Unaweza kubaki, unaweza kuvuka na kurudi mwezi ujao, unaweza kumteua mtu akusimamie. Nakuomba tu usiniteue mimi, na usinitake shauri katika kumchagua. Uamuzi wowote utakaoufanya, usiufanye kwa kunihurumia. Nimeona huruma yako ilivyotumika mara ya kwanza, ulipomtolea Bwana Seif mkeka.

Nilipotoka kwa kadhi nilimkuta Salum amekaa nyuma ya nyumba penye kivuli cha ukuta, anachambua kokoto, kubwa huku, ndogo kule. Nikakaa chini karibu naye. Ilinijia kwamba katika mambo haya yote, wazee, kahawa, karatasi, mganga, baraza, yeye hakuna aliyemwuliza. Hata wewe, mwanangu, ulimpigania, lakini sidhani kama ulimwuliza. Nikamweleza. Nilikwenda polepole, nikarudia pale uso wake ulipopotea. Nilimwambia kwamba boriti ilimwangukia kwa mkono wa Bwana Seif, kwamba aliombwa radhi akawa hana uwezo wa kujibu, na kwamba mimi nilijibu kwa niaba yake. Kisha nikamwambia, "Sasa mimi nakuomba radhi, Salum. Kwa neno hilo."

Aliacha kokoto. Alinitazama vile anavyokutazama wewe tu, kwa macho yaliyofika. Nilidhani atasema nimekuwia radhi, kwa kuwa ni mpole na ndivyo tunavyofundishwa wote. Akashika paji la uso wake, pale penye kovu.

"Niulize kesho, Baba," akasema. "Leo kichwa kinauma."

Nikamwambia nitamwuliza. Kesho atakuwa amesahau kwamba tulizungumza. Kwa hiyo nitakuja mpaka mtakapopandia chombo, kabla hujamkalisha, nitakaa mbele yake na kumweleza yote tangu mwanzo, kamba na boriti na chumba na kicheko, wewe ukiwa umesimama hapo unasikia. Akisema tena nimwulize kesho, nitavuka kuja kumwuliza.

Baba yako, Athmani, ambaye leo hana cheo kingine mjini hapa ila hicho cha kuwa baba yako, ikiwa utaendelea kumpa.